Mgonjwa wa saratani ya ini tumbo likijaa ghafla

Mgonjwa wa saratani ya ini ambaye tumbo limejaa maji ndani ya siku chache, au ametapika damu, asisubiri tarehe ya kliniki. Huenda mshipa mkuu unaoingia kwenye ini umeziba.

Mshipa huo, vena ya portali, hukusanya damu ya tumbo, utumbo na bandama. Takribani robo tatu ya damu inayofika kwenye ini hupitia humo. Ukiziba, damu hurudi nyuma. Bandama huvimba, maji huvujia tumboni, na mishipa ya umio hututumka hadi kupasuka. Hapo mtu hutapika damu au hupata choo cheusi kama lami.

Kwetu Kanda ya Ziwa, Tanzania, kuna mkanganyiko zaidi. Kichocho cha utumbo, kinachowapata wengi visiwani Ukerewe na Kome tangu utotoni, huacha makovu kandokando ya mshipa huohuo na kuleta dalili zinazofanana. Basi mtu akitapika damu, nyumbani husema ni kichocho, anapewa prazikwanteli, wanatulia. Dawa hiyo huua minyoo. Haizibui mshipa wala haizuii damu.

Altrasaundi ya dopla ndiyo huanza, maana huonyesha damu ikitembea. Ila kuona bonge lililoziba mshipa hakutoshi. Lipo bonge la damu tupu, na ipo saratani yenyewe iliyopenya na kukua ndani ya mshipa. Kipimo cha CT cha kuchomwa dawa mshipani husaidia kuvitofautisha: saratani ina vijishipa vyake, hivyo hunyonya dawa na kung'aa. Nalisisitiza hili kwa sababu dawa za kuzuia damu kuganda haziyeyushi saratani. Zinaweza kusaidia kwa bonge la damu tupu, baada ya umio kuangaliwa kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa kooni.

Wengi huamini kwamba ini likiugua damu haigandi kabisa. Sivyo. Ini hutengeneza vigandisha damu na vizuizi vyake pia. Likichoka vyote hupungua, na mgonjwa yuleyule anaweza kuvuja damu huku na kuganda kule. Tafadhali msimnunulie aspirini wala diklofenaki ya maumivu dukani. Mpelekeni kituo cha karibu, apewe rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, mapema.

Ndugu zake nao wapime homa ya ini B, chanzo kikubwa cha saratani hii. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Mtu mzima asiye na maambukizi bado anaweza kuchanjwa.