Programu kuondolewa kwa sababu ya Python 2: maana yake

Programu inaweza kufutwa kwenye hazina ya mfumo wa Linux ilhali bado inafanya kazi vizuri. Sababu inaweza kuwa lugha ya programu iliyoandikiwa, kama Python: toleo lake halitunzwi tena. Python 2.7 ilitoka mwaka 2010, ikapangiwa kukoma 2015, ikaongezewa muda hadi Januari 1, 2020. Baada ya toleo la mwisho, 2.7.18, tundu la usalama likionekana, waandishi wa Python hawalizibi. Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux, bado ilikuwa nayo katika toleo la 11 (2021); Debian 12 (2023) iliiondoa kabisa.

Python 2 haiondolewi kwa siku moja, kwa kuwa vifurushi (programu na maktaba zilizo kwenye hazina) vinategemeana. Huanza programu ambazo hakuna kinachozitegemea, zikafuata maktaba zao, lugha yenyewe ikawa ya mwisho. Programu moja ambayo mwandishi wake hakuihamishia Python 3, toleo lililofuata, huzuia msururu mzima, ndiyo maana huondolewa hata ikiwa na wapenzi.

Kwani kuhama kuna ugumu gani? Watu hutaja `print "habari"`, lakini hilo ni jepesi: Python 3 inakataa papo hapo. Yanayoumiza ni makosa ya kimyakimya. `7/2` ilikuwa 3, sasa ni 3.5, hesabu ya kurasa au ya katoni inaharibika bila onyo. Vilevile `b"ndiyo" == "ndiyo"` ilikuwa kweli, sasa ni uongo, basi sharti linalolinganisha maandishi na data iliyotoka kwenye mtandao, ambayo huja kama baiti (ndiyo maana ya `b`), halitimii kamwe.

Kabla ya kupandisha Debian 11 kwenda 12, endesha `apt-cache rdepends --installed python2.7` uone kinachoitegemea. Amri hiyo haizijui skripti ulizoandika mwenyewe. Tazama mstari wa kwanza wa kila faili katika `/usr/local/bin`, unaotaja lugha ya kuiendesha, pamoja na kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba). Kuweka kifurushi `python-is-python3`, kinacholielekeza jina `python` kwa Python 3, hakuponyi skripti ya zamani, kunabadilisha ujumbe wa kosa tu.

Ukishapandisha, Python 2.7 inaweza kubaki kwenye diski kama masalia yasiyopata viraka vya usalama. Amri `apt list '?obsolete'` huyaonyesha. Kama kuna skripti usiyoweza kuiacha, iweke ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa na mfumo wako) yenye 2.7.18, isiyofikiwa kutoka intaneti.