Gari Lisilosajilika: Maana ya Salveji na Cheti cha Kuharibiwa

Gari lisilosajilika ni gari ambalo sheria imekwisha kulitoa barabarani moja kwa moja, hata kama injini yake inawaka vizuri na rangi yake inang'aa. Nchini Marekani, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, Kenya na Tanzania huanza maisha kwa kununua gari lililotumika, siri hiyo hujificha kwenye karatasi moja: hati ya umiliki.

Gari linapogongwa, linapoungua au linapofurika maji, na kampuni ya bima ikaona kwamba gharama ya matengenezo haiendani na thamani ya gari, kampuni humlipa mwenyewe, hulichukua gari na hati yake hubadilishwa. Hapo njia hugawanyika. Gari lenye hati ya salveji linaweza kutengenezwa, kukaguliwa kwa utaratibu wa jimbo na kupewa hati mpya inayotaja historia yake. Gari lenye cheti cha kuharibiwa, au lile ambalo jimbo la California hulipatia cheti cha gari lisilotengenezeka, limebaki kuwa la spea na chuma chakavu. Mnadani yote mawili husimama safu moja, na la pili huuzwa rahisi zaidi, ndiyo maana mtu hulikimbilia, akatumia miezi na fundi wa bodi, kisha akafika dirishani kwenye ofisi ya usajili kuomba namba za gari na kurudishiwa karatasi zake.

Kwa kuwa kila jimbo lina maneno yake, ni vyema kupeleka picha ya hati, mbele na nyuma, kwenye ofisi ya usajili ya jimbo unaloishi na kuuliza kama wataipokea, kabla ya kutoa hata senti.

Lipo pia jambo linaloniudhi sana, nalo ni kusafisha hati: gari huhamishiwa jimbo lenye kanuni tofauti ili lipate hati isiyotaja madhara. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, magari yaliyofurika yaliuzwa hivyo kwa watu walio mbali na maji yale. Kinga yake ni mfumo wa taifa wa taarifa za hati za magari, uliowekewa msingi na sheria ya mwaka 1992, ambao hutafutwa kwa namba ya chesisi. Magari yaliyoundwa tangu mwaka 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17, na ndani yake hamna kamwe herufi I, O wala Q. Ukitumiwa namba yenye O, imekosewa au imebuniwa. Isome mwenyewe kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele, kisha uilinganishe na kibandiko cha mlango wa dereva na hati.

Kwa gari unaloshuku lilizama, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Mazulia hubadilishwa na viti huoshwa, lakini sehemu ya mkanda iliyojikunja ndani ya nguzo mara nyingi husahauliwa, na alama ya matope hubaki pale kama mstari wa kahawia. Na muuzaji akikuambia hati iko njiani kwa posta, mwache aisubiri yeye, nawe ubaki na fedha zako hadi utakapoishika mkononi.