Kijana mwenye ulemavu wa akili anapowapiga watu wa nyumbani: maswali na majibu

Mwanangu ana miaka 22, ana ulemavu wa akili na hasemi. Alikuwa mpole, sasa ananipiga. Kimempata nini?

Pole sana, mama. Asiye na maneno, mikono ndiyo humsemea. Mpole akibadilika ghafla, mtafutie kwanza maumivu: jino bovu, sikio linalotoa usaha, choo kigumu cha siku kadhaa, mkojo unaochoma, malaria. Mtazame anapokula. Akitafunia upande mmoja, akijipiga taya au kumsukuma anayemlisha, mpeleke kwa daktari wa meno kabla hujafikiria mganga.

Kama ana kifafa, taja dawa zake zote hospitalini. Fenobabito, ambayo zahanati nyingi hutoa, huwaletea baadhi ya wanaoitumia hasira na kukosa utulivu. Usiikatishe mwenyewe, maana degedege linaweza kurudi mfululizo na kuua. Daktari ndiye aibadilishe polepole. Na akitoka kwenye degedege huwa amechanganyikiwa kwa muda. Ukimshika kwa nguvu saa hiyo atapigana, wala hatajua ni wewe.

Amepimwa, hakuna ugonjwa. Tufanyeje?

Chukueni daftari. Kila akipiga, andikeni saa, nani alikuwepo, nini kilitangulia, nini kilifuata. Baada ya wiki mbili tatu someni mlichoandika. Huenda ikawa ni kila anapomwagiwa maji baridi, kila jirani akifungulia muziki, au kila TV inapozimwa bila kuambiwa mapema. Hayo yanarekebishika. Angalieni pia kilichofuata: akirusha sahani akapewa soda ili anyamaze, kesho atarusha tena, na hapo hana kosa, ndivyo mlivyomfundisha. Mfundisheni njia nyingine ya kuomba, kama kuonyesha kikombe au kugusa picha, na mwanzoni mumpe papo hapo kila anapoitumia.

Akishaanza kupiga?

Watoto watoke. Aongee mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini na maneno machache. Simama karibu na mlango, mbali kiasi mkono wake usikufikie. Visu, mchi na panga vifichwe siku zote, na sufuria ya moto isiachwe karibu naye. Mkilazimika kumshika, msimlaze kifudifudi na kumkalia mgongoni. Hukosa pumzi, na watu wamekufa hivyo.

Majirani wanasema tumfunge kamba.

Msimfunge. Najua wengi wanaofunga wanampenda kijana wao na wamechoka kupita kiasi. Lakini kamba huchubua ngozi, humdhoofisha misuli na humzidishia hofu, na moto ukizuka hawezi kukimbia. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na utu wake unalindwa hata siku amekuumiza.

Dawa za kumtuliza zipo?

Zipo, kama risperidoni na haloperidoli, na huwasaidia baadhi. Zina madhara: mwili kukakamaa, udenda, kunenepa, usingizi. Kijana anayelala kutwa hajapona, amezimwa tu. Muulize daktari dawa ni ya nini, mtajuaje inafanya kazi, na lini itapunguzwa. Hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kuwaona. Kesi ngumu hupelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma.

Namwogopa mwanangu, na naona aibu kusema.

Kumwogopa si kumkana. Wewe nawe ni mtu wa kulindwa, na nyumba nyingi husahau hilo kwa sababu mama ndiye aliyezoeleka kuvumilia. Mwambie afisa ustawi wa jamii wa kata yako na mwenyekiti wa mtaa. Kubaliana mapema na jirani mmoja atakayekuja ukimwita, hata usiku. Chumba kimoja kiwe na komeo kwa ndani, cha kujihifadhi wewe na watoto. Baba, kaka na mashangazi washike zamu ya kweli: wamchukue Jumamosi nzima, wewe ulale.

Ikifika hatua ya silaha, tokeni nje kwanza, kisha piga simu polisi, namba 112. Neno lako la kwanza liwe kwamba kijana ana ulemavu wa akili, hasemi na hataelewa amri, na taja kifafa kama anacho, ili wanaokuja wasimchukulie kama mhalifu.