Chuma nyuma ya viatu si dalili ya maiti

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: picha ya familia ya Uingereza ya karne ya 19, na maelezo kwamba mmoja wao ni maiti aliyesimamishwa kwa nguzo ya chuma. Si kweli.

Chuma kile kilikuwa cha watu hai. Kina kitako kizito, fimbo inayopandishwa na kushushwa, na uma mdogo unaogusa kisogo. Picha ilichukua sekunde kadhaa, pengine zaidi, na kichwa kikitikisika kidogo tu sura hutoka na ukungu. Uma ulimsaidia mtu kutulia. Haukuweza kubeba mwili uliolegea. Kwa hiyo ukikuza picha ukaona kitako nyuma ya visigino, aliyesimama hapo alikuwa hai.

Macho meupe nayo huwachanganya wengi. Kemikali za wakati ule ziliitikia zaidi mwanga wa buluu, hivyo macho ya buluu yalitoka karibu meupe.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani marehemu walipigwa picha kweli, ila kwa kawaida wakiwa wamelazwa kitandani au kwenye jeneza, au mtoto akiwa amepakatwa na mzazi. Walio hai walikuwa na mahangaiko yao studio: mwaka 1855 kasisi mmoja wa Kianglikana, mtunzi wa riwaya za kuchekesha, alitoa kitabu kizima cha utani kuhusu upigaji picha.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia mwelekeze kwa upole atazame sakafu, nyuma ya viatu.