"Mwache alale, pombe itaisha"

Walimleta saa tisa na nusu usiku, wanne ndani ya Bajaji moja. Kijana wa chuo, miaka 21, shati limelowa maji kifuani, kiatu kimoja hakipo. Wenzake wawili walikuwa wamempakata kiti cha nyuma, kichwa kimeangukia nyuma ya mkono wa mmoja wao, shingo imepinda. Nesi alipombana ukucha kwa kalamu aliguna kidogo, akarudi kimya. Pumzi ilikuja kwa kukoroma, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Tukampima sukari kwa tone la damu ya kidole: 1.8. Kwa kawaida mtu huwa juu ya 4.

Rafiki yake alikuwa anatetemeka. "Dokta, alilala tangu saa sita. Tukasema mwache alale, pombe itaisha."

Nafanya kazi idara ya dharura hapa Dar es Salaam, na sentensi hiyo naisikia kila wikiendi, hasa wiki ambayo boom limeingia na wanafunzi wana fedha ya kujikimu mkononi. Watu wa kuwaambia vijana wasinywe wapo: wazazi, mashehe, wachungaji, na siwapingi. Mimi naandika kwa ajili ya yule atakayekuwa macho saa saba usiku pembeni ya mwenzake aliyelala sakafuni, kwa sababu mara nyingi uhai wa mlevi uko mikononi mwa mlevi mwenzake aliyekunywa kidogo kuliko yeye.

Mtu aliyelala ukimwita kwa nguvu na kumtikisa bega, anaamka, hata kama ni kwa matusi. Ana koo linalojilinda: kitu kikishuka vibaya anakohoa. Aliyezidiwa na pombe hana hayo. Pombe inapunguza kasi ya ubongo kuanzia juu kwenda chini. Kwanza unaondoka uamuzi, ndiyo maana mtu mpole anapanda juu ya meza. Kisha miguu na ulimi. Kisha fahamu. Chini kabisa, kwenye shina la ubongo, ndiko kunakoamriwa pumzi na kukohoa, na pombe ikifika huko mtu anaweza kutapika akiwa chali, matapishi yakaingia mapafuni, na asikohoe hata mara moja. Nje anaonekana ametulia. Huo utulivu ndio unaowadanganya wenzake.

Jambo la pili wasilolijua wengi: mtu anaweza kuzidi kulewa baada ya kuacha kunywa. Glasi mbili za mwisho alizozipiga haraka kabla ya kuondoka bado ziko tumboni na kwenye utumbo, na kiwango katika damu huweza kuendelea kupanda kwa nusu saa, hata saa moja na nusu. Kwa hiyo yule uliyemwacha saa sita akikujibu "niko poa" anaweza kuwa mtu mwingine kabisa saa saba.

Na haiishi upesi. Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wangu wengi hushangaa. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi halisi. Ini, kwa wastani, linaondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Maji hayaliharakishi, wala supu, wala kuoga. Aliyekunywa bia tano kati ya saa tatu usiku na saa saba usiku amebeba gramu 100, na anaweza kuwa bado na pombe mwilini saa moja asubuhi akiwasha pikipiki kwenda kazini, ingawa amelala, ameoga na amepiga mswaki. Shirika la Afya Duniani linahesabu gramu 60 kwa mkupuo mmoja kuwa ni unywaji mzito. Hizo ni bia tatu. Najua kwetu bia tatu ni "nimeonja tu". Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 200 kwa asilimia 35, ina gramu 55 hivi, na nimehudumia vijana walioimaliza ndani ya robo saa kwa kubishana.

Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia Machi 1, 2017, Uganda nao wakafuata mwaka 2019, wengi walidhani kisa ni takataka za plastiki na watoto wa shule. Hayo yalikuwemo. Ila kiroba kilikuwa na ubaya mwingine ambao sisi wa dharura tuliuona: kilimezwa kwa pumzi moja, bila meza, bila chakula, bila mazungumzo. Ini lilipata mzigo wote kwa mkupuo. Leo viroba havipo madukani kihalali, lakini mtindo wa kumeza ulibaki, ukahamia kwenye chupa ndogo.

Turudi kwa yule kijana na sukari yake ya 1.8. Usiku, tumbo likiwa tupu, ini ndilo linalotengeneza sukari ya kulisha ubongo. Pombe ikiingia, ini linaacha kazi hiyo ili lishughulike nayo. Kijana aliyeshinda na chai na andazi moja tangu asubuhi, akacheza muziki saa nne mfululizo, hana akiba kubwa. Sukari inashuka, na dalili za sukari kushuka zinafanana na ulevi: kuyumba, kuropoka, jasho, kisha kuzimia. Kwa macho hakuna anayeweza kuzitofautisha, hata mimi siwezi, ndiyo maana tunatoboa kidole kabla ya kuuliza jina. Chipsi mayai kabla ya kutoka, au wali na maharage, haviondoi pombe, ila vinapunguza kasi yake ya kuingia na vinampa mtu akiba. Dekstrosi, yaani maji yenye sukari, ilipoingia kwenye mshipa, kijana yule alifumbua macho. Bado alikuwa amelewa sana, lakini alikuwa amerudi.

Shati lake lilikuwa limelowa kwa sababu wenzake walimmwagia ndoo ya maji. Walimpenda, walijitahidi. Lakini pombe hufungua mishipa ya ngozini na joto la mwili kutoka nje, na aliyelowa hupoa haraka zaidi, hata kwenye jiji lenye joto kama hili. Wengine humnywesha maziwa, maji ya chumvi au mafuta ili atapike. Mtu asiye na fahamu ukimtia chochote mdomoni, unakitia mapafuni. Kahawa nayo haimwondolei mtu ulevi. Inampa macho tu, na hapo ndipo ninapoiogopa enaji inayochanganywa na pombe kali: usingizi ulikuwa breki ya mwisho ya kumkalisha mtu chini, na kafeini inaikata. Anaendelea kunywa akijiona mzima, huku damu yake ikisema mengine.

Kuna neno "kuzima", na vijana wanalitumia kwa mambo mawili tofauti. Moja ni kuzimia kabisa. La pili ni lile la "nilizima, sikumbuki tulirudije", na hili linanisumbua kwa namna yake. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, inayohamisha yanayotokea sasa kwenda kwenye kumbukumbu. Pombe ikipanda kwa ghafla, sehemu hiyo inaacha kurekodi, ilhali mtu mwenyewe bado anatembea, analipa bili, anaimba, anapiga simu. Wenzake hawaoni tofauti. Asubuhi hakuna cha kukumbuka, kwa kuwa hakikuandikwa. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba wadogo wanachelewa kusinzia na kuyumba kwa pombe kuliko wakubwa, lakini kumbukumbu zao zinaharibika kwa urahisi zaidi. Na ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, sehemu ya mbele inayopima hatari ikiwa ya mwisho. Kijana wa miaka 20 anaweza kubaki wima muda mrefu, akapoteza usiku mzima.

Nalisema hili pia kwa ajili ya wasichana. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, kwa hiyo kiasi kilekile cha pombe kinakuwa kikali zaidi katika damu yake. Nimekaa na binti aliyekuja siku ya tatu, mikono imeshikilia pochi, akisema hakumbuki ila mwili unamwambia kuna jambo limefanyika. Alichelewa kwa aibu. Dada yangu, kutokumbuka si kukubali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na za dharura za kuzuia mimba nazo zina muda wake. Baadhi ya hospitali za serikali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, ushauri na polisi wa dawati la jinsia vinapatikana sehemu moja. Hatuulizi ulikunywa chupa ngapi ili tukuhukumu.

Kila kundi lina mmoja mwenye "kichwa kigumu", anayekunywa sana na halewi, na wenzake humpa sifa. Nikimwona huyo ndiye ninayemvuta pembeni. Ubongo wake umezoea, kwa hiyo hayumbi. Lakini shina la ubongo linaloamrisha pumzi halizoei kwa kiwango kilekile. Nafasi kati ya dozi inayomchangamsha na dozi inayomuua imekuwa nyembamba, naye haioni. Namuuliza swali moja: asubuhi unazimua? Supu ya makongoro yenye pilipili haina neno. Nauliza kuhusu bia moja ya "kutoa loku". Kama mikono inatetemeka, jasho linatoka na moyo unakimbia mpaka apate hiyo moja, basi hayo si uchovu wa jana. Mwili unadai. Mtu wa aina hiyo asiache ghafla peke yake chumbani kwa kiapo: siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege, na baadaye kuchanganyikiwa kwa hatari. Aje hospitali, zipo dawa za kumvusha, naye ana nafasi kubwa ya kupona akiwa na miaka 23 kuliko akiwa na 45.

Kitu kingine, kwa wanaonunua pombe isiyo na chapa kwa sababu fedha imeisha. Humo inaweza kuwemo methanoli, kilevi chenye sumu, na haina tofauti ya kuaminika kwa ladha. Mwilini inageuka asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na inachukua saa nyingi, mara nyingine siku nzima, kabla ya kujionyesha. Februari 2024 huko Kirinyaga, Kenya, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe haramu, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Uchovu wa kawaida wa pombe ya jana hauleti ukungu machoni. Ukiamka unaona kama kuna theluji au moshi mbele yako, usinywe panado ukalale tena. Njoo sasa hivi, na uwaite wote mliokunywa pamoja.

Alfajiri ile, yule rafiki aliyekuwa anatetemeka alinifuata nje ya chumba. "Dokta, tungefanyaje?" Hakuwa anajitetea. Alitaka kujua. Nikamwita mwenzao alale chali kwenye sakafu ya korido, nikapiga goti.

Kwanza mwite, mtikise, mbane bega. Haamki? Huyo ni wa hospitali. Hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa kutazama kifua: zikiwa chini ya nane, au zikipishana kwa sekunde kumi au zaidi, au midomo ikawa ya bluu au ya kijivu, au ngozi ya baridi, au degedege, hakuna kujadiliana. Mlaze ubavu mkiwa mnasubiri usafiri. Mkono ulio karibu nawe unyooshe pembeni. Mkono wa mbali ulete chini ya shavu lake. Goti la mbali likunje, lishike, umvute kwako ageuke. Rudisha kichwa nyuma kidogo, mdomo utazame chini ili matapishi yatoke nje. Kwenye Bajaji naye akae hivyohivyo, ubavu, mtu mmoja ameshika kidevu. Pikipiki usithubutu: nimepokea mtu aliyebebwa mshikaki katikati ya wawili, kidevu kimegusa kifua, na walipofika hawakujua ameacha kupumua barabara ipi.

Mwenzao alikuwa anacheka mwanzoni, akaacha. Rafiki yake alijaribu mara ya kwanza akasahau goti, mwili ukarudi chali. Mara ya pili akasahau kichwa. Mara ya tatu aligeuza vizuri, kisha bila kuambiwa akaweka kiganja kwenye mbavu za mwenzake na kuanza kuhesabu kimyakimya, akitazama saa ya ukutani.