Ibara ya 10 na Marekani Iliyobaki Nje ya Shirikisho la Mataifa

Wanafunzi wa historia wanaopita katika chumba chetu cha nyaraka hurudia swali lilelile: iweje nchi ambayo rais wake alilipigania Shirikisho la Mataifa, chombo cha kulinda amani kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, kuliko mtu yeyote, ndiyo isijiunge nalo? Jibu la mitihani huwa la sentensi moja, kwamba Wamarekani walitaka kujitenga na dunia. Wapo waliotaka hivyo, tena walisema kwa sauti kubwa, lakini hawakuwa wengi. Seneti, ambayo ndiyo huridhia mikataba ya Marekani, ilikuwa na maseneta 96, na waliolikataa Shirikisho kata kata, wakiongozwa na watu kama William Borah wa Idaho, walikuwa kama 16 tu. Waliobaki walikuwa tayari kuingia kwa namna moja au nyingine. Walichoshindwa kukubaliana ni masharti ya kuingia.

Tuanze na maandishi yenyewe. Rais Woodrow Wilson alikitaja chombo hiki katika hoja ya mwisho ya zile hoja zake 14 za kuleta amani, Januari 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia bado vinaendelea. Mwaka uliofuata, kule Paris, alihakikisha katiba ya Shirikisho inakuwa ibara 26 za mwanzo za Mkataba wa Versailles, mkataba wa amani na Ujerumani, ili asiwepo wa kuchukua amani akaliacha Shirikisho. Ibara ya 22 sisi wa huku tunaijua kwa machungu, maana ndiyo iliyohalalisha Tanganyika kuwekwa chini ya Uingereza na Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji, bila wenyeji kuulizwa. Iliyowasha moto Washington ni Ibara ya 10. Hiyo ilimtaka kila mwanachama aahidi kuheshimu na kulinda mipaka na uhuru wa wanachama wote dhidi ya uvamizi wa kutoka nje.

Neno zito hapo ni "kulinda". Nchi ya mbali ikivamiwa, nani ataamua kwamba kijana wa Ohio au Texas abebe bunduki aende? Katiba ya Marekani inalipa Kongresi mamlaka ya kutangaza vita. Na swali hili liliulizwa na watu waliotoka kuzika: askari zaidi ya 116,000 wa Marekani walikuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi. Agosti 1919 wajumbe wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti walimfuata Wilson Ikulu wakamuuliza ana kwa ana. Akawajibu kwamba wajibu huo ni wa kimaadili, si wa kisheria. Jibu hilo halikumtosheleza Warren Harding, seneta wa Ohio. Kama wajibu unafunga dhamiri tu, utamzuiaje mvamizi? Mwaka uliofuata Harding huyo ndiye aliyeshinda urais.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Henry Cabot Lodge wa Massachusetts, wa chama cha Republican kilichokuwa kimepata wingi mdogo wa viti. Lodge aliusoma mkataba wote kwa sauti mbele ya kamati, kazi iliyokula wiki mbili. Kisha akawaita wenye manung'uniko. Wamarekani wenye asili ya Ireland, kwa mfano, walikasirika kuona Uingereza pamoja na makoloni na madola yake wanapata kura sita katika Shirikisho. Muda ulivyozidi kwenda, ari ya wananchi ikapoa. Mwishoni Lodge alikuja na masharti 14, na zito kuliko yote lilisema kwamba Marekani haitakuwa na wajibu wa kuilinda nchi yoyote mpaka Kongresi iamue kwa tukio husika.

Lodge na Wilson walichukiana, hilo halifichiki. Hata hivyo sharti lenyewe naliona la haki. Hata sisi Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, kwa sababu sahihi ya kiongozi mmoja haitoshi kuwafunga watu wote.

Wilson aliamua kuwaendea wananchi kwa treni. Tarehe 25 Septemba 1919, mjini Pueblo, Colorado, aliwasimulia makaburi ya askari wa Kimarekani huko Suresnes, karibu na Paris, ambako wanawake wa Kifaransa walikuwa wakiyatunza na kuyawekea maua kila siku kama ya watoto wao wa kuzaa. Usiku huo afya yake ilianguka, ziara ikakatishwa. Tarehe 2 Oktoba alipata kiharusi kilichompooza upande wa kushoto. Seneta Gilbert Hitchcock, aliyeongoza upande wa rais, aliporuhusiwa kumwona alimkuta mzee aliyekonda, mwenye ndevu nyeupe chache. Akamshauri alegeze kidogo. Wilson alikataa: wa kulegeza awe Lodge.

Tarehe 19 Novemba mkataba wenye masharti ulipata kura 39 dhidi ya 55, kwa kuwa wafuasi wa Wilson waliungana na wale wasiotaka Shirikisho kabisa. Usio na masharti nao ukaanguka, 38 kwa 53. Machi 1920 ukarudi tena na masharti: 49 waliunga mkono, 35 walipinga. Wingi ulikuwepo, ila Katiba inadai theluthi mbili ya waliohudhuria, na zilipungua kura 7. Kati ya wale 35, wanachama 23 walikuwa wa chama cha Wilson mwenyewe. Hili huniuma kila ninaposoma orodha ile, kwa sababu kura 7 zilikuwa ndani ya uwezo wa mgonjwa yule, kwa neno lake moja tu.

Mwaka 1945 Seneti iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kwa kura 89 dhidi ya 2. Safari hii Marekani iliingia ikiwa na kura ya turufu katika Baraza la Usalama, na hakuna uamuzi wa Baraza wa kutumia nguvu unaoweza kupita Marekani ikisema hapana.