Masihi ni nani? Tumaini la Wayahudi na la Wakristo

Masihi ni mtu aliyepakwa mafuta. Katika Israeli ya kale ndivyo mtu alivyowekwa wakfu kwa kazi ya Mungu: kuhani alipakwa, mfalme alipakwa. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, kinaonyesha jambo hilo likifanyika. Samweli anafika Bethlehemu na pembe iliyojaa mafuta. Yese anampitishia wanawe saba, mmoja baada ya mwingine, wote wanakataliwa, hadi anaitwa yule mdogo aliyekuwa machungani na kondoo. Mafuta yanamwagwa juu yake mbele ya kaka zake. Tangu hapo Daudi ni masihi wa Bwana, kama alivyokuwa Sauli kabla yake. Ndiyo maana Daudi, alipompata Sauli peke yake ndani ya pango kule Engedi, alikata upindo wa vazi lake tu na kumwacha hai. Hakuthubutu kumgusa aliyepakwa mafuta na Bwana. Isaya 45 inampa sifa hiyo hata Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyekuwa mgeni kabisa kwa Israeli, kwa sababu Mungu alimtumia kuwafungulia watu wake.

Hapo bado hakuna anayesubiriwa. Masihi ni mfalme aliyepo, ana jeshi, na ana makosa yake.

Kusubiri kulizaliwa na msiba. Nabii Nathani alikuwa amemwahidi Daudi kwamba kiti chake cha enzi kitadumu milele. Kisha mwaka 586 KK Wababeli wakauteketeza Yerusalemu na Hekalu. Mfalme Sedekia, wa ukoo wa Daudi, alishuhudia wanawe wakichinjwa, akatobolewa macho, akapelekwa Babeli akiwa amefungwa pingu. Ahadi ilikuwa ya milele, lakini kiti kikabaki bila mtu. Waumini wangeweza kusema Mungu amesema uongo. Badala yake wakasema: bado atakuja.

Lakini atakuja nani? Isaya 11 inataja chipukizi kutoka shina la Yese atakayewaamulia maskini kwa haki. Zakaria 9 inamwona mfalme mnyenyekevu amepanda punda. Danieli 7 ina mmoja mfano wa mwanadamu anayekuja na mawingu ya mbinguni. Na zile hati za kale zilizoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zinaonyesha jamii ya Wayahudi iliyokuwa ikiwangoja wawili: Masihi wa Haruni, yaani kuhani, na Masihi wa Israeli, yaani mfalme. Kwa hiyo lile somo tunalofundishwa mara nyingi, kwamba Wayahudi wote wa zama za Yesu walimngoja jemadari wa vita tu, limerahisishwa kupita kiasi. Matumaini yalikuwa mengi, na yalibishaniwa.

Katika Uyahudi wa marabi, aliyeyaeleza kwa uwazi zaidi ni Maimonides, daktari na mwanasheria aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204. Kwake Masihi ni binadamu, mfalme wa ukoo wa Daudi, mshika Torati. Hahitaji kufufua wafu wala kufanya muujiza wowote ili aaminiwe. Anapimwa kwa kazi: alijenge Hekalu mahali pake, awakusanye Waisraeli waliotawanyika, awaondoe chini ya utawala wa mataifa mengine. Akishindwa au akiuawa, basi hakuwa yeye aliyeahidiwa. Jua litaendelea kuchomoza kama kawaida. Kitakachobadilika ni kwamba njaa, vita na husuda vitakwisha, na watu watapata nafasi ya kumjua Mungu. Imani hiyo aliiweka miongoni mwa kanuni 13 za Uyahudi. Siku hizi si Wayahudi wote wanaoishika hivyo. Wale wa mkondo wa Mageuzi kwa kawaida huzungumzia zama za amani zitakazoletwa na juhudi za watu, pasipo mfalme mmoja.

Kwa kipimo hicho cha kazi, msalaba ulikuwa mwisho wa habari ya Yesu wa Nazareti. Wanafunzi wake wenyewe walikijua. Luka 24 inawaonyesha wawili wakielekea Emau, wamekunja nyuso, wakimwambia msafiri wasiyemtambua kwamba walikuwa wametumaini yeye ndiye atakayeikomboa Israeli. Walitumaini, sasa basi. Ufufuo ndio uliowafanya wayasome upya Maandiko, hasa Isaya 53 inayomhusu mtumishi aliyejeruhiwa kwa ajili ya makosa ya wengine. Wafasiri wengi wa Kiyahudi, akiwemo Rashi, wanamsoma mtumishi huyo kuwa taifa la Israeli lenyewe. Wakristo wakamwona Yesu. Hivyo kazi ya Masihi ikawa na awamu mbili: amekuja kuishinda dhambi na mauti, na atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, kama inavyokiri Kanuni ya Imani. Majilio, yale majuma yanayotangulia Krismasi, yanahusu kuja kote kuwili, ingawa shamrashamra za Krismasi huufunika ule wa pili.

Kiini cha tofauti kilisikika Barcelona mwaka 1263. Mfalme James wa Kwanza wa Aragon aliitisha mdahalo. Upande wa Kanisa alisimama Pablo Christiani, mtawa Mdominiko aliyezaliwa Myahudi. Upande wa pili rabi Nahmanides wa Girona. Kwa simulizi ya Nahmanides mwenyewe, alisema manabii waliahidi kwamba siku za Masihi mataifa hayatajifunza vita tena, na tangu Yesu hadi leo dunia imejaa jeuri na unyang'anyi. Kisha akamgeukia mfalme: ingekuwa vigumu sana kwako wewe na mashujaa wako hawa kuacha kujifunza vita! Kumwambia hivyo mfalme Mkristo usoni kulihitaji moyo. Mkristo hujibu kwamba ufalme umeanza na haujakamilika. Jibu hilo nalipokea kwa imani, lakini swali la rabi ni la haki. Linaniuma kila ninaposikia mhubiri akisema Wayahudi "walimkataa Masihi kwa ugumu wa moyo", kana kwamba hawakuwa na sababu ya Kimaandiko. Maneno ya namna hiyo yamechangia kumwagika kwa damu nyingi Ulaya. Kanisa Katoliki liliyakana mafundisho ya kuwalaumu Wayahudi wote katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, na mwaka 2001 Tume ya Kipapa ya Biblia ikaandika kwamba kungoja kwa Wayahudi si kwa bure.

Kungoja kuna hatari zake pande zote mbili. Mwaka 132 rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa zama zake, alimtangaza Bar Kokhba, kiongozi wa maasi ya Wayahudi dhidi ya Warumi, kuwa Masihi. Kufikia 135 Warumi walikuwa wameyazima maasi kwa mauaji ya kutisha. Mwaka 1665 Wayahudi kuanzia Uturuki hadi Ulaya walimshangilia Sabbatai Zevi, na mwaka uliofuata, alipofikishwa mbele ya sultani, akasilimu. Marekani, wafuasi wa William Miller walimngoja Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, na siku ikapita. Waadventista Wasabato, walio wengi Upare, Mara na Kisii, wametokana na vuguvugu hilo, nao hawapangi tena tarehe. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Walionusurika walieleza kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo.

Hakuna lolote katika vyanzo vya dini hizi mbili linaloruhusu mambo hayo. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, inawalaani wanaopiga hesabu ya mwisho. Mathayo 24 inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, wala malaika walio mbinguni. Mafundisho yanayohusishwa na rabi Yohanan ben Zakkai, aliyeishi zama Hekalu la pili lilipoangamia mwaka 70, yanasema: ukiwa na mche mkononi, ukaambiwa Masihi amefika, upande kwanza, ndipo utoke kumpokea. Huko Thesaloniki nako kulikuwa na Wakristo waliotishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na wengine waliokuwa hawafanyi kazi. Barua ya pili waliyoandikiwa inawaagiza watulie, wafanye kazi, wale chakula chao wenyewe.